Kiti cha Choo cha Mama

Muuguzi alitueleza vizuri kabisa siku ile tunamtoa Mama hospitali. Nyonga imeshonwa, chuma kimekaa mahali pake, sasa sharti ni moja: asikae mahali palipo chini ya usawa wa magoti. Kitanda tukiinue, kiti cha kulia kiwe kirefu. Choo ndicho kilikuwa kazi. "Kuna kiti cha plastiki cha kupachika juu ya choo," akasema, akasimamisha kiganja mezani kuonyesha urefu wake. "Kinauzwa duka la ng'ambo ya barabara, mkitoka tu getini."

Tulitoka getini. Duka nililiona kwa macho yangu mawili, na kiti kilikuwa dirishani, cheupe, kimewekwa peke yake kama keki ya harusi. Ila nilikuwa nimefuatana na wanaume watatu, na wote watatu mkate wao ni plastiki.

Wa kwanza ni mume wangu. Yeye yuko kwenye kiwanda cha vifuniko vya chupa. Mashine yake inayeyusha plastiki na kuisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, kalibu inafunguka, vifuniko vinamwagika kama mahindi kutoka kwenye gunia. Wa pili ni kaka yangu mkubwa, mtengeneza matangi ya maji. Kwake unga wa plastiki unatiwa ndani ya kalibu ya bati, kalibu inafungwa na kuzungushwa juu ya moto kama kuku wa kubanika, hadi unga uyeyuke na kugandia kuta zote sawasawa. Wa tatu ni mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama, anayetengeneza treya za kuoteshea miche. Huyo anapasha bapa la plastiki hadi lilegee, analilalisha juu ya umbo la mbao, pampu inanyonya hewa kwa chini, na bapa linabana umbo kama nguo ya kuazima.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo tunayoishi, na wateja wangu ndio waliowabatiza hao watatu: Vifuniko, Matangi na Treya. Hakuna jambo la plastiki wanalokubaliana isipokuwa moja: watu wanaopuliza madumu si mafundi. Wanachukua mrija wa plastiki laini, wanaufungia ndani ya kalibu, wanaupuliza kama puto la mtoto, basi, dumu limepatikana. Hapo wote watatu hucheka pamoja, na ndiyo mara pekee utakayowaona wanacheka pamoja.

Sasa nilipoonyesha dirisha la duka, Matangi alinitazama kama niliyemtukana mbele ya watu.

"Tununue plastiki?" akasema. "Sisi?"

Mume wangu akasema shemeji kanena. Treya akasema hata aibu, mtaa utatuchukuliaje. Nikamwangalia Mama kwenye kiti cha nyuma cha gari, na Mama, ambaye katika maisha yake amepikia shule ya bweni nzima na kunyamazisha bwalo kwa kijiko kimoja, aliwatazama wanawe na mkwewe wanavyomgombania, akatabasamu. Alifurahi. Watoto wanataka kumtengenezea kitu. Mimi nani nimwage maji kwenye moto huo? Tukaondoka, kiti kikabaki dirishani.

Wacha nieleze choo chetu kilivyo, ndipo utaelewa hasira yangu. Kipo mwisho wa ukumbi mwembamba, na mlango wake unatazamana na saluni. Kiti kisipoinuliwa Mama hawezi kukaa wala kuinuka peke yake. Inabidi nimkumbatie kwapani, nimshushe polepole, nisimame naye humohumo, kisha nimwinue. Mlango haufungiki maana sisi wawili hatuenei. Pazia nilitundika, lakini pazia halizuii sauti. Upande wa pili wapo wanawake wanne na povu kichwani, na wakati mwingine mume wangu, mkwe wake, anapita na soda yake mkononi.

Mama hakulalamika hata siku moja. Alichofanya ni kuacha kunywa chai.

Sikugundua mara moja. Nyumba yangu haikosi watu, vikombe vinazunguka, nani anahesabu? Nilikuja kuona kikombe chake kimejaa, kimefanya utando juu. Nikamuuliza. Akasema chai ya siku hizi haina ladha. Mwanamke huyo alikuwa anakunywa chai kabla hajafungua macho vizuri. Maji nayo akawa anayalamba tu, kama anaonja chumvi ya mchuzi. Anajizuia, ili asinyanyuliwe.

Nikawaambia wanaume: hiki kiti nakitaka jana.

Kwa hiyo wakaanza kujadiliana. Walijadiliana sebuleni kwangu, wakala chakula changu, wakaja na wenzao wa kazini, nao wakala. Mume wangu alishika msimamo kwamba kitu cha maana ni cha kusukuma: kinatoka kimoja na kingine sawa kama mapacha, uso unang'aa, mbavu za kukiimarisha ndani unaziweka utakavyo. Matangi akamuuliza kalibu ya chuma ya ukubwa huo inachongwa kwa muda gani. Mume wangu akasema miezi kadhaa tu. Matangi akamuuliza tena, kwa upole wa kuchoma, ni vyoo vingapi anavyopanga kuviinua, maana kalibu kama hiyo hairudishi gharama mpaka itoe viti vya mji mzima. Mume wangu akajibu kwamba mji mzima una akina mama. Akaanza kueleza jinsi watakavyouza. Mama yuko chumbani anameza mate, mume wangu ameshafungua matawi mikoani.

Matangi alitaka kuzungusha. Kalibu ni ya bati, unaikunja na kuichomelea mwenyewe, kiti kinatoka kina uwazi ndani, kuta nene, hata ng'ombe akikalia hakisemi kitu. Mume wangu akasema ni kweli, na uso wake utakuwa kama ganda la chungwa, na kuta huku nene huku nyembamba kwa kadiri mzungushaji alivyosinzia. Wakanuniana.

Treya hakujadili. Aliondoka, kesho yake akarudi na kiti tayari, kimefunikwa kwa taulo. Nilitaka kumbusu. Kitu chepesi, safi, kona zote nzuri. Wateja walisimama na rola zao kichwani kutazama. Nikasema Mama hakalii mpaka mimi nimekalia kwanza, na mimi, nashukuru, si mwembamba. Nikakiweka juu ya stuli, nikakaa. Kikafanya *pop*, kikabonyea chini kama mfuniko wa sufuria, nikabaki magoti yako kifuani.

"Pembeni bapa limevutika likawa jembamba," Treya akasema, anakikagua bila hata kunipa mkono niinuke. "Hiyo inatokea."

Fundi cherehani wa jirani, aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia, alicheka hadi rola zikadondoka. Kutoka ukumbini nikasikia na Mama anacheka. Kisha nikasikia kicheko kimekatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba kucheka nako kunabana kibofu.

Hapo nikawashika wote watatu. Nikawaambia hamtoki hapa mpaka mmekubaliana njia moja, na kila mmoja afanye anachokijua. Nilijiona hodari. Nikagawa kazi kama hakimu: mume wangu anajua vipimo na michoro, basi apime choo na kuchora. Treya anajua kuchonga mbao, achonge umbo kwa kufuata mchoro. Matangi akunje bati juu ya umbo, apate kalibu, azungushe. Wakakubali haraka mno, na mimi badala ya kushtuka nikafurahi.

Mume wangu alipima choo kwa rula ya chuma, amepiga magoti. Mama akiwa ukumbini na fremu yake ya kutembelea, anasubiri zamu, anatazama ukutani kwa sababu mkwe ana kichwa ndani ya choo. Alipotoka, walisalimiana kwa heshima zote kama waliokutana kwenye lango la msikiti.

Mchoro ukaenda kwa Treya. Umbo likaenda kwa Matangi. Nilipouliza, jibu lilikuwa kwamba kinakuja. Wateja nao wakauliza. Ikafika mahali mwanamke anasukwa nywele hajaniuliza bei ya rasta, ananiuliza kiti kimefika wapi. Mtaa mzima ukawa unajua kwamba Mama anasubiri kiti cha choo. Muuza mkaa alimpa pole dirishani. Mama akanitazama kwa jicho ambalo mara ya mwisho nililiona nikiwa darasa la nne.

Hatimaye Matangi akaja nacho kwenye pikipiki, amekifunga kwa kamba kama maiti ya mtu mashuhuri. Kilikuwa cha bluu, maana unga uliobaki ulikuwa wa matangi. Kizito, kinene. Uso wake kama ganda la chungwa kweli, lakini nilikikalia, nikajirusha, hakikusema kitu. Tukakipeleka chooni kwa maandamano.

Chini ya kiti kulikuwa na ukingo wa kuingia ndani ya shimo la choo, ili kisiteleze. Ukingo haukuingia. Ulikuwa mpana kuliko shimo kwa upana wa vidole viwili. Kiti kilikaa juu juu, ukikigusa hapa kinainuka pale, kinacheza kama mtumbwi. Matangi alikisukuma. Treya alikisukuma. Mume wangu akazungusha mkao, kana kwamba duara litakuwa na upande mwingine mdogo.

Nikasema kimekuwaje kikubwa hivi wakati mlipima.

Wakaangalia chini. Nimeishi na wanaume hawa miaka mingi. Nikawajua wana jambo. Nikasimama mlangoni, nikashika kiuno.

Ikaanza kutoka kidogo kidogo. Plastiki ikipoa husinyaa. Hilo wote wanalijua, kila mmoja kwa kazi yake, na ndiyo maana kalibu hufanywa kubwa kidogo kuliko kitu kinachotakiwa. Sasa mume wangu, akichora, alidhani Treya hajui mambo ya kusinyaa, maana treya ya miche hata ikisinyaa mche haulalamiki. Basi akaongeza kwenye mchoro, kimyakimya. Treya akichonga, akasema moyoni shemeji ni mtu wa vifuniko vidogo, huyo atakumbuka wapi kusinyaa kwa kitu kikubwa. Akaongeza kwenye mbao, kimyakimya. Matangi naye akapokea umbo, akalipimapima kwa macho, akasema vijana hawa hawajawahi kuzungusha hata kikombe. Akaongeza kwenye bati.

"Na hakuna aliyemwambia mwenzake," nikasema.

"Sasa ningemwambiaje bila kumvunjia heshima?" akajibu mume wangu.

Nilicheka. Kilikuwa kile kicheko kinachotoka wakati mwingine badala ya kurusha kitu. Heshima! Wiki zote hizi wanaitana wapuliza puto sebuleni kwangu, siku ya kusema neno moja la maana wameshikwa na heshima. Matangi akasema si tatizo, kalibu anaifungua, anaipunguza, tumpe siku chache. Treya akasema kwanza warudie umbo. Mume wangu akasema kwanza warudie mchoro. Nilipowaacha walikuwa wamebanana wima humohumo chooni, mlango wazi, wanabishana asilimia ya kusinyaa, na Mama amesimama ukumbini na fremu yake anangoja watoke ili aingie na mimi kwa njia yetu ileile, pazia na yote.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kliniki. Muuguzi yuleyule. Alibana ngozi ya mkono wa Mama kwa vidole viwili, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Akatazama kikopo cha mkojo.

"Bibi, unakunywa maji?"

Mama akatazama dirishani. Muuguzi akanigeukia mimi, na hakutumia lugha ya kubembeleza. Alisema nyonga inapona vizuri, lakini mama huyu anakauka. Nikimrudisha tena katika hali hii, atamlaza, kwa ajili ya figo siyo ya nyonga. Kisha akauliza kama kile kiti tulikinunua.

Mama ndiye aliyejibu. "Wanangu wananitengenezea," akasema, na ilisikika kama mtu anayetetea watoto wake kwa mwalimu.

Tulitoka getini. Nikamwacha Mama kwenye benchi la kivulini, nikavuka barabara, nikaingia dukani, nikasema nataka kile cha dirishani. Muuzaji akaniuliza nataka rangi gani. Nikamwambia dada, usinizoee. Akakifunga. Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Nilirudi nimekikumbatia, na Mama alipokiona alinisogezea nafasi kwenye benchi ili kikae katikati yetu.

Nyumbani wote watatu walikuwepo. Meza ya saluni yangu, ile ya chanuo na mafuta, wameitandika michoro. Wateja wawili wamekaa na nywele nusu, wanasikiliza kama redio. Nikakiweka kiti juu ya michoro. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na baadhi yalikuwa makali ya kutosha kuvunja udugu.

Hawakugomba. Walikitazama. Mume wangu akanyoosha mkono, akakigeuza chini juu. Akapitisha kidole.

"Kitovu kiko wapi?" akauliza. Kitovu ni ile alama ndogo inayobaki mahali plastiki ilipoingilia kalibu. Mashine yake huacha kitovu kwenye kila kifuniko. Hapa hakukuwa na kitovu.

Matangi akakigonga kwa kifundo cha kidole, kikaitika kitupu. Akapendezwa: kina uwazi ndani, hiki kimezungushwa, alisema nini yeye? Lakini kuta zilikuwa nyembamba na pembe zimechongoka kuliko awezavyo yeye. Treya akatafuta mahali mabapa mawili yalipounganishwa, maana kwa njia yake kitu chenye uwazi ndani hutoka kwenye mabapa mawili, akakuta mstari mmoja tu mwembamba, umezunguka kiti chote, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Akaufuata mstari huo kwa ukucha hadi ukarudi ulipoanzia. Nikaona uso wake unabadilika.

"Hapana," akasema.

Mume wangu akainama, akatazama mstari. Matangi akavaa miwani, akatazama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Fundi cherehani, ambaye kwa wiki zote hizi amekaa chini ya mashine yangu na ameshakuwa mtaalamu kuliko alivyopenda, akasema kwa niaba yao:

"Si kimepulizwa hicho? Kama dumu?"

Ungedhani kuna msiba. Kisha Matangi akaanza kutafuta kasoro: plastiki ni nyepesi mno. Mume wangu akakikandamiza kwa viganja, akakiri kinabeba. Treya akasema walau hawa wanajua kiasi cha kuongeza. Matangi akamuuliza anamaanisha nini. Na wakaanza. Wallahi wakaanza upya. Wamekishika kile kiti, mmoja huku mmoja kule, wanakigeuza chini ya taa, wanakichungulia kwenye tundu, na mume wangu ametia mkono wote ndani mpaka kiwiko, anapima unene wa ukuta.

Sikusikia fremu ya Mama ikija. Nilisikia sauti yake, ile ya bwalo.

"Mkwe."

Mume wangu akaganda, mkono ndani.

"Hicho unachokichungulia," Mama akasema, mbele ya wateja wote, "ni kiti changu cha choo. Nakihitaji sasa hivi."

Aliutoa mkono kama aliyeungua. Akakipangusa kiti kwa shati lake mwenyewe, akakibeba kwa mikono miwili hadi mwisho wa ukumbi, macho yakiwa sakafuni, akakipachika. Ukingo ukaingia ndani ya shimo, *tap*, bila kubembelezwa. Akatoka kinyumenyume. Nikatangulia kama kawaida, nimeshakunja mikono ya blauzi, tayari kumshika kwapani.

Mama akaisukuma fremu yake, akanipita. Akalishika pazia langu kwa vidole viwili, akalivuta lote likaanguka, akaingia. Mlango ukafungwa. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu arudi, nikasikia komeo linapita upande wa ndani.

Nilibaki ukumbini na mikono mitupu. Saluni nzima ilinyamaza, na si kwa kusikiliza, ila kwa adabu. Fundi cherehani aliwasha mashine ya kukaushia ingawa nywele zake zilikwishakauka. Wanaume watatu walitazama michoro yao.

Mama alitoka baada ya muda wake, hakukimbizwa na mtu. Alinawa. Alipita mbele yetu taratibu hadi kwenye kiti chake kirefu cha sebuleni, akakaa, akaweka fremu pembeni.

"Chai," akasema. "Kikombe kikubwa. Na kile cha bluu msikitupe, kiwekeni juu ya stuli uani nikae nje jioni, nimechoka kukaa ndani na ninyi."

Nikaenda kuchemsha maji. Jikoni nikawasikia huko nyuma, sauti zimeshuka, wamekigeuza cha bluu wanatafuta pa kukikata ukingo, na Matangi anauliza, kwa namna ya mtu ambaye hataki kusikika, kama kuna anayemfahamu mtu yeyote anayefanya kazi ya madumu.

Mama alimaliza kikombe, akanyoosha mkono nimwongezee.